Kuti, Ukuti na Upongoo: Je, "Aina ya Mti" Yatosha?

Katika jaribio moja la semi tuliwauliza wanafunzi wetu maana ya nahau "kukalia kuti kavu". Wengi walijibu vizuri: kuwa katika hali ya hatari. Tulipowauliza darasani kuti lenyewe ni kitu gani, pakawa kimya, kisha mmoja akasema, "Ni aina ya jani." Hatukumlaumu. Hivyo ndivyo kamusi zilivyomfundisha.

Tukio hilo ndilo lililotusukuma kuandika makala haya. Kwa maoni yetu, kamusi na vitabu vya kiada vimezoea mno kueleza msamiati wa mimea kwa vifungu "aina ya mti" na "aina ya mmea". Kwa kufanya hivyo vinamnyima mwanafunzi maarifa ambayo lugha yenyewe imeyahifadhi.

Tuchukue mfano wa mnazi. Kuti ni jani lake zima. Uti mgumu wa katikati ni upongoo. Kila ubapa mwembamba unaotoka ubavuni mwa upongoo ni ukuti, na kijiti kilicho katikati ya ukuti ni uchukuti, wingi wake njukuti, ambazo hufungwa pamoja zikawa ufagio. Mwanabiolojia atakueleza kwamba lote hilo ni jani moja lililogawanyika. Mkwezi wa pwani aliitambua tofauti ya jani zima na sehemu zake bila kuingia maabara. Ajua pia kwa nini kuti kavu halikaliwi: likishakauka huachana na shina.

Msamiati huu ni somo la ngeli vilevile. Mti ni mkindu, lakini utepe wa jani lake unaosukiwa mikeka ni ukindu. Kiambishi u- huchopoa kimoja kutoka katika vingi, kama katika ukuti na unywele. Kwingine lugha huacha mzizi na kushika neno jingine kabisa: majani ya mhogo ni kisamvu, ya kiazi kitamu ni matembele. Jirani zetu wa mashariki ya Kongo hukiita kisamvu sombe. Mwalimu anayefundisha ngeli kwa "mti" na "miti" pekee ana hazina asiyoitumia.

Watangulizi walijitahidi zaidi. Padri Charles Sacleux, ambaye kamusi yake ya Kiswahili na Kifaransa ilichapishwa Paris kati ya 1939 na 1941, alikuwa pia mkusanyaji wa mimea. P. J. Greenway alitoa kamusi ya majina ya mimea kwa Kiswahili mwaka 1937. Waliwaandikia wageni, lakini waliambatanisha jina la kisayansi ili mmea utambulike. Inasikitisha kwamba kamusi zilizoandikwa kwa ajili yetu wenyewe mara nyingi hutuachia "aina ya mti".

Hata hivyo, tusitie chumvi. Msamiati wa jadi ulitokana na kazi za mikono: kusuka, kuezeka, kupika. Mmea usio na kazi mara nyingi uliishia kuitwa "majani" tu, neno lililobebeshwa nyasi, magugu na hata chai. Kwa kueleza sura za majani na kingo zake bado twahitaji istilahi mpya. Tunachodai ni kwamba mwundaji wa istilahi aanze kwa mkwezi na msusi kabla ya kukimbilia tafsiri.

Hapa Uganda mnazi ni nadra. Lakini mwanafunzi wetu anayezungumza Kiganda ajua olulagala, jani bichi la mgomba la kufungia matoke, na ebyayi, maganda makavu ya shina lake. Tunapendekeza zoezi jepesi kwa walimu wenzetu: kila mwanafunzi akusanye maneno ya mgomba katika lugha yake ya kwanza, ayatafutie wenzi wake katika Kiswahili, kisha atunge fafanuzi zisizoanza na "aina ya". Penye mwenzi, atakuwa amejifunza neno. Pasipo na mwenzi, atakuwa amegundua pengo ambalo wasomi wa Kiswahili tunapaswa kuliziba. Na siku atakapoulizwa tena juu ya kuti kavu, ataeleza hatari na kuti lenyewe.