Jina la Chupa na Kilichomo Ndani

Machoni pa watu wengi, divai za povu za Ufaransa ni za aina mbili tu: iko shampeni, halafu ziko "hizo nyingine". Hizo nyingine hununuliwa mfuko unapokuwa mwepesi, na mwenyeji akizimimina huanza kwa kuomba radhi. Makala haya yanazihusu hizo nyingine. Nia yangu ni kuonyesha kwamba hukumu juu yao imetolewa kabla ya shahidi kusikilizwa, na kwamba mtu anayejua atakula nini anaweza kupata katika mikoa ile divai itakayokifaa chakula chake kuliko shampeni yenyewe.

Najua baadhi ya wasomaji wangu hawatumii kileo, wengine kwa amri ya dini zao. Hao nawaomba wayasome haya kama habari za kilimo, na za namna binadamu wanavyotoa alama. Mimi nimeyapata ugenini. Tangu nistaafu nimekuwa nikikaa kwa vipindi nyumbani kwa binti yangu, ambaye yeye na mumewe wanafanya kazi mjini Strasbourg, katika mkoa wa Alsace. Mstaafu ana wakati wa kusoma lebo za chupa. Na mwalimu mstaafu hasomi kitu bila kalamu nyekundu mkononi.

Tuanze na jina. Shampeni ni divai ya povu itokayo katika mkoa wa Champagne peke yake. Divai za mikoa mingine zinazotengenezwa kwa njia ile ile huitwa Crémant, na jina la mkoa hufuata. Loire na Bourgogne walipata haki hiyo mwaka 1975, Alsace 1976, Limoux na Bordeaux 1990, Die 1993, Jura 1995, na Savoie 2014. Tangu 1994 sheria za Ulaya zimewakataza walio nje ya Champagne kuandika kwamba wametumia "njia ya Champagne". Sasa huandika méthode traditionnelle, yaani njia ya jadi. Maneno yalibadilika, lakini kazi ilibaki ile ile.

Kazi yenyewe ni hii. Kwanza hutengenezwa divai ya kawaida isiyo na povu. Hutiwa chupani pamoja na hamira na sukari, kiasi cha gramu 24 kwa lita, kisha chupa hufungwa. Hamira huila sukari, na gesi ya kaboni inayozaliwa, kwa kuwa haina mlango wa kutokea, huyeyuka ndani ya divai hadi msukumo wake ukafikia takriban mara sita ya ule wa angahewa. Hamira zikifa huwa mashapo, na divai hulala juu ya mashapo hayo kwa miezi mingi, ikipata harufu ya mkate na njugu. Mwisho chupa huinamishwa kidogo kidogo hadi mashapo yakusanyike shingoni. Hutolewa, na pengo hujazwa divai yenye sukari kidogo au isiyo na sukari kabisa.

Sasa linganisha masharti. Kwa Crémant, zabibu huchumwa kwa mkono, na kilo 150 hazikamuliwi zaidi ya lita 100. Kwa shampeni, kilo 160 hutoa lita 102. Hapo hakuna wa kumcheka mwenzake. Tofauti inaonekana kwenye muda: Crémant hulala juu ya mashapo miezi isiyopungua 9, na haiuzwi kabla ya miezi 12 tangu itiwe chupani, shampeni ya kawaida hungoja miezi 15, na ile yenye mwaka kwenye lebo hungoja miaka 3. Ongeza ardhi ya chaki na baridi ya kaskazini, na ghala za divai za miaka iliyopita zinazochanganywa na mpya, utaelewa kwa nini shampeni nzuri ina kina ambacho ni nadra kukipata kwingine. Hilo nalikiri bila kinyongo. Ninachokataa ni kwamba kina ndicho kipimo pekee.

Ninakataa pia hadithi kwamba povu ni uvumbuzi wa mtu mmoja wa Champagne. Mtawa Dom Pérignon alishika kazi ya ghala la Hautvillers mwaka 1668. Miaka sita kabla yake, 1662, Mwingereza Christopher Merret alikuwa amekwisha kueleza mjini London kwamba sukari ikiongezwa katika divai huifanya itoe povu. Na watu wa Limoux, kusini mwa Ufaransa, husimulia kwamba watawa wao wa Saint-Hilaire walikuwa na divai ya povu tangu 1531.

Sasa tuwaite wanafunzi mmoja mmoja mbele ya darasa.

Crémant ya Alsace hutegemea zaidi zabibu iitwayo Pinot blanc. Ni divai safi, iliyosimama wima, isiyo na maneno mengi. Wenyeji huila pamoja na flammekueche, mkate mwembamba uliopakwa krimu, vitunguu na vipande vya nyama ya nguruwe. Uchachu wa divai huyakata mafuta ya krimu, na povu huusafisha ulimi kwa tonge linalofuata. Upungufu wake ni kwamba chupa nyingi zinafanana mno, kama insha zilizonakiliwa kutoka daftari moja.

Crémant ya Loire hujengwa aghalabu juu ya Chenin, zabibu yenye uchachu mkali na harufu ya tofaa na asali. Huko Saumur hulazwa katika mapango yaliyochimbwa kwenye mawe laini ya chokaa. Ipe jibini ya maziwa ya mbuzi, au samaki wa mtoni katika mchuzi wa siagi, nawe utaona vinavyosaidiana. Lakini zabibu zikichumwa kabla ya kuiva barabara, uchachu huwa wa kutoboa, na mtengenezaji huuficha kwa sukari. Mlaji makini hugundua.

Crémant ya Bourgogne hutumia Chardonnay na Pinot noir, zabibu zile zile za Champagne, na kwa hiyo ndiyo inayolinganishwa nayo zaidi. Ina mwili, inastahimili kuku na uyoga, na vile vitumbua vyao vya jibini viitwavyo gougères. Jirani yake Jura hutoa Crémant ambayo naipa alama za juu inapowekwa pamoja na jibini yao ya Comté: ladha ya njugu ya jibini na ya divai huitikiana.

Limoux ina divai mbili. Crémant yake ni ya Chardonnay na Chenin, nayo ni ya kisasa na yenye adabu. Lakini moyo wangu uko kwa ile nyingine, Blanquette, ambayo angalau asilimia 90 yake ni zabibu ya Mauzac, yenye harufu ya maganda ya tofaa na majani makavu. Haijaribu kufanana na mtu. Kwa soseji na nyama baridi za mchana, siioni ya kuishinda.

Mwisho ni Clairette de Die, kutoka bonde la mto Drôme, nayo ni fundisho zima juu ya majina. Clairette ni jina la zabibu, lakini divai hii kwa angalau robo tatu ni Muscat. Ukitaka zabibu ya Clairette yenyewe, uitafute zaidi katika Crémant de Die! Baridi hutumika kuisimamisha hamira kabla haijaimaliza sukari ya zabibu, hivyo divai hubaki tamu, yenye kilevi cha asilimia 7 hadi 9 tu. Hii ni ya matunda na vitamutamu.

Hapo tumefika kwenye kosa linalorudiwa kila arusi: kumimina divai kavu wakati wa kukata keki. Kanuni ni nyepesi. Chakula kikiwa kitamu kuliko divai, divai huonekana chungu na nyembamba. Tatizo ni kwamba lebo hazimsaidii mnunuzi. "Brut" ni divai isiyozidi gramu 12 za sukari kwa lita, na hiyo kweli ni kavu. Lakini "extra dry" ina gramu 12 hadi 17, na "sec", neno ambalo maana yake ni kavu, ina 17 hadi 32! "Demi-sec", nusu kavu, ina 32 hadi 50. Mwanafunzi akiniandikia istilahi za namna hiyo ningemrudishia karatasi. Ya keki, basi, ni demi-sec au Clairette de Die. Brut ni ya vitu vya chumvi na vya kukaanga. Sambusa za binti yangu hupatana vizuri sana na brut ya Alsace. Pilau yake yenye kachumbari ya pilipili haipatani nayo, kwa sababu povu na kilevi huuchochea moto wa pilipili. Divai yenye sukari kidogo hutuliza.

Lawama yangu kubwa kwa watengenezaji wa Crémant ni hii: wengi wao wanataka kuitwa "shampeni ya bei nafuu". Wanahangaika kuiga, na katika kuiga wanapoteza kile ambacho Champagne haiwezi kuwa nacho: Chenin, Mauzac, Savoie na Jacquère yake. Tena lebo nyingi hazitaji zabibu wala tarehe mashapo yalipotolewa, na mnunuzi hawezi kujua chupa imelala ghalani muda gani. Na wale waliokwisha kupata sifa wakumbuke mgema: akisifiwa, tembo hulitia maji. Onyo hilo linawahusu wa Champagne kwanza.

Katika chuo cha ualimu nilichokiongoza tulipokea vijana kutoka shule zenye majina makubwa, na wengine kutoka shule ambazo hata dereva wa basi hakuzijua. Baada ya mazoezi ya kwanza ya kufundisha, jina la shule lilikuwa halimsaidii mtu mbele ya ubao. Sisemi kwamba wa shule zisizojulikana walikuwa bora. Nasema tulilazimika kukaa nyuma ya darasa na kuwasikiliza wote.

Kutosikiliza kuna gharama. Mjukuu wangu alipoolewa huko Strasbourg, neno lililowasumbua wazazi wake lilikuwa, "Watasema nini upande wa pili?" Bei ya chupa moja ya shampeni yenye jina aghalabu hununua mbili za Crémant, na wakati mwingine zaidi. Wazazi walichagua brut ya Alsace kwa vitafunio na Clairette de Die kwa keki, na fedha iliyobaki ikamlipia nauli shangazi wa bibi arusi kutoka Morogoro. Upande wa pili ulikunywa na kuuliza divai imetoka kwa nani. Hata wangenung'unika, ningesema uamuzi ulikuwa sahihi, maana arusi bila shangazi ni pengo ambalo hakuna chupa ya kuliziba.

Basi mnunuzi atakayesimama mbele ya rafu na ajiulize maswali manne, kwa mpangilio huu: Tunakula nini? Sukari ni kiasi gani? Zabibu gani? Mkoa upi? Aipoze divai hadi nyuzi 8 au 10 za Selsiasi, aimimine katika bilauri nyembamba iliyofumba kidogo mdomoni ili harufu isitoroke, kisha aonje pamoja na chakula kabla ya kutoa alama. Swali la jina na sifa lije la tano. Mara nyingi atakuta limekwisha kujibiwa.