Kufuatilia Hedhi au Kuhesabu Siku?

Miongoni mwa istilahi zilizoingia katika Kiswahili pamoja na simu za kisasa imo hii: programu ya kufuatilia hedhi. Kwa sarufi haina kasoro. Hata hivyo twaona ipo haja ya kuihoji, kwa kuwa mabinti waliokusudiwa kuitumia hawaitamki.

Jambo hili tulilitambua Mlandege, mjini Iringa, tulipozungumza na wasichana kadhaa wa sekondari pamoja na mama zao. Hakuna aliyesema kwamba anafuatilia hedhi. Walisema wanahesabu siku. Kinachowavuta kwenye programu hizo si elimu ya uzazi, bali hofu ya kuchafuka darasani mbele ya wavulana. Na anayewaonyesha kwa kawaida ni dada au rafiki. Bei ya pedi nayo imo. Kodi ya ongezeko la thamani iliondolewa mwaka 2018 ikarejeshwa mwaka 2019, na binti ajuaye tarehe yake hupata nafasi ya kuomba fedha mapema.

Sasa tulitazame neno lenyewe. Polisi humfuatilia mshukiwa. Mdai humfuatilia mdaiwa. Na kwa kuwa wanafunzi hawaruhusiwi kuwa na simu shuleni, simu inayotumika mara nyingi ni ya mama au ya kaka. Binti mmoja alitueleza kwamba aliifuta programu yake siku kaka yake aliposoma jina hilo kwenye kioo na kumwuliza ni nani anayefuatiliwa. Mzaha huo ulitosha. Waundaji wa Oky, programu ya UNICEF iliyobuniwa pamoja na wasichana wa Indonesia na Mongolia na kutolewa mwaka 2020, waliwafikiria wanaotumia simu moja kwa pamoja. Lugha nayo yastahili uangalifu kama huo.

Lakini jina la programu ni kosa dogo. Kosa kubwa limo ndani, katika maneno siku salama na siku za hatari. Maneno haya ni ya zamani, na watu wazima waliyazoea katika mazungumzo ya uzazi wa mpango. Kwa msichana aliyevunja ungo karibuni mambo ni mengine. Mzunguko wake waweza kuwa wa siku 21 mara hii na siku 45 mara ijayo. Yai hupevuka takriban siku 14 kabla ya hedhi inayofuata, nayo hedhi hiyo ndiyo isiyojulikana itaanza lini. Basi programu yakisia tu; ila asomaye neno salama haoni kisio, aona ruhusa. Kabla ya Novemba 2021 mimba ilimwondoa mwanafunzi shuleni moja kwa moja. Tangu hapo aruhusiwa kurudi, lakini masomo yamekwisha kukatika.

Wapo wanaopendekeza siku za rutuba. Twalikataa: hilo ni neno la shambani, na mabinti wa Mlandege wangelicheka kabla hatujamaliza kulieleza. Sisi twapendekeza programu yenyewe iitwe kalenda ya siku, na kile kipindi cha katikati kiitwe makisio ya siku za yai. Siku zilizobaki zisipewe jina lolote. Walimu wa Iringa na kwingineko wenye neno bora zaidi watuandikie kabla orodha haijasanifiwa.