Mti Laini wa Kinubi

Mwambie seremala wa kwetu akuchongee kitu cha kudumu, atakutajia mninga, mvule au mkongo. Mwerebi hatautaja. Ni mti wa kandokando ya maji, mwepesi, na ukiubonyeza kwa ukucha alama inabaki. Hata hivyo mafundi wa Ayalandi waliuamini. Kinubi cha kale kinachotunzwa Trinity College, Dublin, kile ambacho sura yake imo kwenye nembo ya nchi hiyo, kina kisanduku cha mwerebi kilichochongwa kwa gogo moja. Kilikombwa kwa nyuma mpaka uso wa mbele ukabaki mwembamba, kisha mgongo ukazibwa kwa ubao.

Na walikuwa na akili. Nyaya 29 za shaba huuvuta uso huo usiku na mchana. Mti mkaidi ungepasuka. Mwerebi haupasuki ovyo, ndiyo maana hata bati za kriketi hutengenezwa kwa jamii ya mti huohuo. Wenyewe hutii kidogo. Miaka ikipita, tumbo la kinubi huvimba katikati, na asiyejua hudhani chombo kimeharibika. Kwangu mimi, uvimbe ule ni sehemu ya uzuri wake.

Basi fundi haharakishi kuchagua gogo. Hutazama kwanza moyo wa mti umepita wapi, maana ufa hupenda kuanzia hapo mti unapokauka. Fundo likiwa ubavuni atalivumilia. Likiangukia kwenye mstari wa nyuzi, gogo lote litafaa kuni. Shingo ni habari nyingine: hiyo hubeba vigingi vya kukazia nyuzi, na kigingi kwenye mti laini hulegea.

Wapo waliotafuta mti hata chini ya ardhi. Kinubi cha Downhill, kazi ya Cormac O'Kelly ya mwaka 1702, kina maandishi yanayojigamba kwamba mti wake ulifukiwa tangu gharika ya Nuhu. Ya Nuhu tumwachie mwandishi. Lakini kinamasi cha Ayalandi kweli huhifadhi magogo kwa maelfu ya miaka.

Kwenye kupaka ndipo kazi nzuri huharibiwa. Vanishi nzito hung'aa dukani, lakini kila tabaka ni mzigo juu ya uso unaotakiwa kutetemeka. Bora mafuta ya kitani, kidogo sana, yasuguliwe kwa kitambaa na kuachwa yakauke kabisa kabla ya mkono wa pili, halafu nta ya nyuki. Mafuta huupa mwerebi mweupe rangi ya asali, kwa hiyo jaribu kwanza kwenye kipande kilichobaki cha gogo lilelile. Na matambara yaliyolowa mafuta hayo usiyarundike pembeni mwa karakana. Yatandaze nje yakauke, kwani yakikunjamana hupata joto na huweza kuwaka yenyewe.