Namna ya Kumtambua Muuguzi Hodari

Kwenye chati ya mgonjwa kuna safu moja ambayo ndugu huipita bila kuitazama, nayo ndiyo ya kuanzia: safu ya upumuaji. Presha inasomwa kwenye mashine, joto linasomwa kwenye kipimajoto, lakini katika wodi zetu nyingi pumzi hazina mashine. Lazima mtu asimame, atazame kifua kikipanda na kushuka, ahesabu dakika nzima. Ukikuta safu hiyo imejazwa 20, 20, 20, 20, asubuhi na jioni, juzi na leo, ujue hakuna aliyehesabu. Mtu mzima aliyetulia hupumua kati ya mara 12 na 20 kwa dakika, kwa hiyo 20 ni namba ya kujifichia: haimshtui daktari, wala haimtaki aliyeiandika afanye lolote. Mgonjwa wa nimonia hapumui kwa utulivu wa namna hiyo siku tatu mfululizo. Na kibaya zaidi, mgonjwa anayezidiwa mara nyingi pumzi zake hubadilika saa kadhaa kabla presha haijaanguka. Aliyeandika 20 ya uongo ameifunga kengele ya kwanza isilie.

Muuguzi hodari ana hila yake hapo. Hushika kifundo cha mkono wa mgonjwa kana kwamba bado anahesabu mapigo ya moyo, kumbe macho yamehamia kifuani. Mtu akijua pumzi zake zinahesabiwa, huzibadilisha bila kukusudia. Kwa mtoto huinua blauzi au kanga ili kifua na tumbo vionekane, na haanzi kuhesabu mpaka kilio kiishe. Pumzi 50 au zaidi kwa dakika kwa mtoto wa miezi 2 hadi 11, au 40 na zaidi kwa mwenye mwaka mmoja hadi chini ya mitano, humfanya asogee haraka. Ukimwona nesi anayefanya hivyo saa tisa usiku, wakati hakuna msimamizi wa kumtazama, huna haja ya kumpima zaidi.

Nimeanza na jambo dogo kwa makusudi. Kwenye daladala, msibani, kwenye foleni ya dirisha la dawa, watu wakiwasema manesi husema kauli: wana majibu ya mkato, wana dharau, wamekaa na simu. Sikatai, na nitafika huko. Ila kauli ndicho kitu pekee tunachojua kukipima, kwa hiyo tunapima hicho tu. Fundi cherehani hatumpimi kwa uchangamfu. Tunageuza nguo tukatazama mishono ya ndani. Nesi mwenye "pole mama" nyingi na chati tupu tunamwita malaika, na yule mkimya aliyegundua saa kumi alfajiri kwamba babu hajakojoa tangu jana mchana, akamwamsha daktari, tunamwita mwenye roho ngumu.

Baada ya chati, tazama mikono. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo unaotaja nyakati tano za kusafisha mikono: kabla ya kumgusa mgonjwa, kabla ya kazi inayotaka usafi kamili kama kuweka kanula au kufunga kidonda, baada ya kugusa damu au majimaji ya mwili, baada ya kumgusa mgonjwa, na baada ya kugusa vitu vilivyomzunguka.  Ya tano ndiyo inayomtofautisha bingwa: ameshika tu chuma cha kitanda, au amesogeza kabati, na bado anasafisha mikono kabla ya kwenda kitanda cha pili. Mtego mkubwa ni glavu. Mgonjwa akiziona hujisikia salama, lakini glavu zilizotembea vitanda vitatu zinamlinda aliyezivaa na kuwachafulia wengine. Mikono mitupu iliyooshwa ni bora kuliko hizo.

Kisha dripu. Hapa ufundi unaonekana wazi hata kwa asiyesoma. Daktari ameandika lita moja kwa saa nane. Mrija wa kawaida wa watu wazima hutoa matone 20 kwa mililita, kwa hiyo lita hiyo inataka matone 42 hivi kwa dakika. Mzembe hufungua gurudumu, akaona inadondoka, akaondoka. Hodari husimama na saa, akahesabu, akarekebisha, kisha akarudi baada ya robo saa kwa sababu anajua mgonjwa akikunja mkono mwendo hubadilika. Chupa iliyopaswa kwenda saa nane ikiisha kwa saa mbili kwa mzee mwenye moyo dhaifu, maji yanaweza kumjaa mapafuni. Na kabla ya kuunganisha dripu nyingine, hodari huigusa ngozi iliyozunguka kanula: imevimba, ina joto, inauma? Plasta yake ina tarehe. Mgonjwa akiongezewa damu, dakika 15 za mwanzo nesi huyo yuko hapo hapo, kwa sababu mzio mkali wa damu hupenda kujitokeza mapema.

Kuna jambo moja ambalo wagonjwa hulichukulia kama dharau, na mimi naliweka karibu na kilele cha ufundi. Nesi anakuja na sindano, anamuuliza bibi aliyelazwa tangu Jumatatu, "Bibi, jina lako kamili nani?" Bibi ananuna: ananijua, jana ameninywesha uji, leo ananiuliza jina! Mwulizaji huyo mpende. Katika wodi ambayo wagonjwa wawili wanalala mzungu wa nne kwenye kitanda kimoja, namba ya kitanda haitoshi kumtambulisha mtu. Anayeuliza jina, akalilinganisha na faili, akasoma lebo ya dawa, kipimo, njia ya kuipitisha na saa yake, huyo amekataa kuamini kumbukumbu yake mwenyewe.

Kama unataka kipimo kimoja tu cha wodi nzima, si cha nesi mmoja, tafuta mgonjwa wa kiharusi aliyelala wiki tatu. Ndugu zake wakikubali, uliza kuhusu ngozi ya kiunoni juu ya matako, visigino, nyonga na kisogo. Kama ni nzima, hapo kuna wauguzi. Hakuna dawa ya hospitali inayozuia vidonda vya kulala kwa mtu asiyeweza kujigeuza. Huzuiwa na watu: kumgeuza kila baada ya saa mbili hivi, mchana na usiku, kunyoosha shuka lisikunjamane, kumkausha akijikojolea, kumlisha vizuri. Zamu moja ikilegea, wekundu unaanza. Kwa hiyo ngozi nzima baada ya wiki tatu ni saini ya zamu nyingi zilizofanya kazi bila kuonekana, na hakuna anayeandika barua ya shukrani kwa kidonda ambacho hakikutokea.

Mtu atasema: lakini kwetu ndugu ndio wanaogeuza, wanaoogesha, wanaolisha. Ni kweli, na hapo pana kipimo kingine. Nesi wa kawaida humwachia binti wa mgonjwa kazi hiyo akaenda zake. Hodari humfundisha. Humwonyesha namna ya kuweka mto kati ya magoti, humwambia asimlishe baba amelala chali maana uji utaingia njia ya hewa, humtaka amwite akiona ngozi imebadilika rangi. Florence Nightingale, aliyefungua shule yake ya wauguzi katika hospitali ya St Thomas' mjini London mwaka 1860, alikuwa ameshaandika mwaka mmoja kabla kitabu ambacho hakikulenga manesi wa hospitali hasa. Kililenga wanawake wanaouguza majumbani. Uuguzi unaomfundisha ndugu kando ya kitanda ni wa tangu mwanzo.

Ukibahatika kuwa wodini saa ya kubadilishana zamu, tega sikio kwa mgonjwa wako. Makabidhiano mabovu yana wimbo mmoja: hali inaendelea vizuri, dawa amepata, hakuna tatizo. Makabidhiano mazuri yana wasiwasi ndani yake. "Presha iko sawa, lakini tangu saa saba hajibu kama alivyokuwa akijibu asubuhi. Nimemweleza daktari saa nane, akasema tumwangalie. Mimi sijaridhika." Sentensi hiyo ya mwisho hutoka kwa mtu aliyekaa na mgonjwa.

Sasa kauli. Mwaka 2014 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanywa mkoani Tanga kuhusu wanawake waliojifungulia kwenye hospitali na vituo vya afya. Walioulizwa wakiwa wanaondoka, asilimia 19 hivi walisema walidharauliwa au kutendewa vibaya. Baadhi yao wakafuatwa nyumbani wiki kadhaa baadaye, na asilimia ikafika 28. Mpimaji mzuri hujifunza mambo mawili hapo. La kwanza, lawama za umma si uzushi. La pili, usimuulize mgonjwa kuhusu nesi wakati sindano ya saa kumi na mbili bado iko mikononi mwa nesi huyo.

Kosa letu, naona, ni kuiweka kauli kwenye fungu la adabu, kana kwamba ni sukari ya juu tu huku matibabu yakiwa kitu kingine. Mama aliyefokewa saa nne usiku kwa kupiga kelele hatamwita nesi saa nane akihisi kitambaa kimeloa damu. Atanyamaza, asitukanwe tena. Na damu ya baada ya kujifungua huua kwa saa chache. Nesi mwenye matusi amejikata masikio yake mwenyewe wodini. Hata awe na mikono ya dhahabu, hatapata habari. Hilo ni kosa la kitaaluma sawa na kukosea dozi.

Lakini tenganisha ukali na ukatili. Nesi anayemnyang'anya shangazi chupa ya chai ya mgonjwa anayesubiri kuingia chumba cha upasuaji, akamtoa nje kwa sauti ya juu, amemwepusha mgonjwa na kutapika akiwa kwenye usingizi wa dawa. Anayewafukuza watu kumi na wawili waliozunguka kitanda cha mgonjwa wa pumu anamtafutia hewa. Ningependa aongeze "samahani", ila simhesabii dhambi.

Leba ina chombo chake cha kupimia, patografu, yaani karatasi ya kufuatilia mwendo wa uchungu, na nina mapenzi nacho. Msingi wake wa leo uliwekwa Rhodesia, Zimbabwe ya sasa, na madaktari Philpott na Castle, waliochapisha kazi yao mwaka 1972 ili wakunga wa zahanati za mbali wajue mapema ni mama yupi apelekwe hospitali kubwa. Katika karatasi iliyosambaa kwenye leba zetu, mstari wa tahadhari hupanda sentimita moja ya kufunguka kwa mlango wa uzazi kila saa, wa kuchukua hatua uko saa nne mbele yake, na mapigo ya moyo wa mtoto huandikwa kila nusu saa. Patografu iliyojazwa kweli ina sura ya kuchoka: kalamu mbili tatu, miandiko tofauti kwa sababu zamu imebadilika, mapigo 136, kisha 148, kisha 128. Iliyojazwa baada ya mtoto kuzaliwa ni nadhifu mno, mkono mmoja, wino mmoja, mapigo 140 kuanzia mwanzo hadi mwisho. Matroni mzoefu huitambua kwa kuitupia jicho tu.

Yote haya hayana haki usipohesabu vitanda. Nesi mmoja usiku na wagonjwa arobaini hawezi kugeuza, kuhesabu pumzi, kugawa dawa na kupokea wapya, na glavu ambazo bohari haikuleta hawezi kuzishona. Hapo kipimo hubadilika: tazama ameacha nini. Mwingine huacha kazi ngumu akafanya nyepesi, akapanga shuka za vitanda vya karibu na mlango kwa sababu ndivyo mganga mfawidhi atakavyoviona. Hodari akiingia zamu huzunguka wodi nzima kwanza kwa macho, akajua wanne wanaoweza kufa kabla ya asubuhi, akawahamishia karibu na meza yake. Wengine watapata dawa kwa kuchelewa nusu saa, na watalalamika, na wana haki ya kulalamika. Lawama hiyo ielekezwe kwa aliyepanga zamu ya mtu mmoja. Video ya sekunde ishirini ya nesi aliyekaa kitako haikuonyeshi hesabu hiyo. Inaweza kuwa uvivu, inaweza kuwa mara ya kwanza ameketi tangu saa mbili usiku.

Ukiwa na malalamiko, yape mwili. "Manesi wa pale wabaya" haimgusi mtu yeyote. "Jumanne, saa tano usiku, kitanda cha dirishani, niliita mara tatu dripu ilipoisha, damu ikarudi kwenye mrija, nikajibiwa kwamba si mgonjwa peke yake" ni jambo ambalo msimamizi wa wodi anaweza kulifuatilia kwenye orodha ya zamu. Asiposikia, kuna matroni au patroni wa hospitali, kisha mganga mfawidhi. Kwa Tanzania Bara, kosa zito la kitaaluma huishia kwenye Baraza la Uuguzi na Ukunga, ambalo ndilo linalotoa leseni na lenye uwezo wa kuchukua hatua dhidi ya mwenye leseni. Ila kabla ya kuandika neno "nesi", soma kitambulisho kifuani. Wodini wapo wanafunzi wa mazoezi, wapo wahudumu wa afya wasio wauguzi, na wote tunawaita sista. Tena nesi mwanamume tunamwita daktari, sifa zake zikaenda kwa mwingine. Andika jina na cheo kama vilivyo. Kama kitambulisho kimegeuzwa nyuma au hakipo kabisa, andika na hilo.