Kimya na Umilikaji: Uhakiki wa Kazi ya John Prine

Wahakiki wengi wamezoea kumpima msanii kwa wingi wa alichotoa. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba kipimo hicho hakitoshi. Mfano wetu ni John Prine wa Marekani (1946–2020), mtunzi na mwimbaji wa nyimbo za kantri, ambaye mwaka 1981 aliwaacha matajiri wa santuri akaanzisha kampuni huru, Oh Boy, pamoja na wenzake. Hoja yetu ni kwamba kampuni hiyo haikumpa kipawa. Ilimpa haki ya kunyamaza.

Prine alizaliwa Maywood, karibu na Chicago, kwa wazazi wenye asili ya Kentucky, na alifanya kazi ya kupeleka barua kabla ya kujulikana. Santuri yake ya kwanza ilitolewa na kampuni ya Atlantic mwaka 1971, na ndimo zilimo nyimbo zilizomjengea jina. Kifani, sifa yake kuu ni kuwaachia wengine nafsi ya kwanza. Katika "Angel from Montgomery" msemaji ni mwanamke aliyechoshwa na maisha ya ndoa. Katika "Sam Stone" tunamwona askari aliyerudi kutoka vitani akiwa mtumwa wa dawa za kulevya, na kiitikio kinaimbwa kwa jicho la mtoto wake. Katika "Paradise" mtoto anamwomba baba ampeleke mahali pa wazee wao, naye baba anajibu kwamba pamekwisha chimbuliwa na kampuni ya makaa ya mawe. Lugha ni ya kila siku, na dhamira hazihubiriwi.

Hapa msomaji ana haki ya kuuliza: ikiwa nyimbo hizo zilitoka katika kampuni kubwa, uhuru uliofuata ulikuwa na faida gani? Jibu limo katika tarehe. Kati ya 1971 na 1980 Prine alitoa santuri saba kwa kampuni mbili, Atlantic na Asylum. Katika kampuni yake mwenyewe mwendo ulibadilika. Baada ya nyimbo mpya za 1986 zilipita takriban miaka mitano hadi "The Missing Years" ya 1991, iliyopata tuzo ya Grammy; baada ya zile za 1995 ilipita miaka kumi hadi "Fair & Square"; na baada ya hiyo, miaka kumi na mitatu hadi "The Tree of Forgiveness" ya 2018. Mwajiri gani angevumilia mapengo hayo? Kampuni ndogo, iliyouza santuri kwa njia ya posta moja kwa moja kwa wasikilizaji, iliyavumilia kwa sababu mwenye mali na mwenye kutunga walikuwa mtu mmoja. Wala si ajabu kwamba wimbo uliobeba jina la santuri ya 1991 unabuni, kwa mzaha, miaka ya Yesu ambayo Injili haiisimulii.

Ushahidi mzito zaidi ni santuri ya "Souvenirs" ya mwaka 2000, ambamo aliimba upya nyimbo zake za zamani. Upasuaji wa saratani ya shingo mwaka 1998 ulikuwa umeishusha na kuikwaruza sauti yake. "Hello in There," wimbo wa upweke wa wazee, aliutunga akiwa kijana. Sasa aliuimba akiwa amepita miaka hamsini. Katika toleo la kwanza tunasikia huruma. Katika la pili tunasikia ushuhuda. Maneno ni yale yale, ila nafsi iliyoazimwa imekuwa nafsi yake.

Tusitie chumvi. Kimya kingine kilitokana na maradhi, na wako wasanii wengi walio huru ambao kimya chao hakikuzaa kitu. Hata hivyo, wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Uhakiki unaochambua fani na maudhui peke yake, bila kuuliza ni nani aliyemiliki muda wa mtunzi, utausikia mshindo huo bila kujua ulikotoka. Swali hilo linafaa kuulizwa pia juu ya waimbaji na washairi wetu, hasa wale tunaowaita wavivu.