Kumwigiza Lumumba

Wilhelm Tell, shujaa wa Waswisi, hakuna anayeijua sura yake. Mwandishi Mjerumani Schiller alipomwandikia tamthilia mwaka 1804, yeye mwenyewe hakuwa amewahi kufika Uswisi. Alimpa sura na sauti alizotaka. Kumwigiza Patrice Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa Kongo, ni kazi nyingine kabisa. Miwani ile, kile kidevu chenye ndevu, nywele zilizopasuliwa njia upande mmoja: hata mtoto mdogo wa Kongo anavijua.

Kwa hiyo nastaajabia mwandishi Aimé Césaire alivyoianza tamthilia yake, Une saison au Congo, ya mwaka 1966. Hafungui pazia kwa waziri mkuu. Anamtoa mchuuzi wa bia anayenadi barabarani, na hilo halikubuniwa: Lumumba, aliyekuwa karani wa posta hapa Stanleyville, Kisangani ya leo, aliuza bia kweli huko Léopoldville, Kinshasa ya leo. Kabla ya siasa tunauona ulimi wake ukifanya kazi, watu wakisogea mmojammoja kumsikiliza. Akija kuwa kiongozi, hatuulizi tena umati umetoka wapi. Kisha kuna mpiga likembe, ile ala ya kupigwa kwa vidole gumba, anayeingia na kutoka akisema kwa mafumbo yale ambayo wakubwa hawataki kuyasikia. Kwangu mimi, huyo ndiye moyo wa tamthilia.

Raoul Peck, Mhaiti aliyekulia Kongo, alijitwika mzigo mzito zaidi katika filamu Lumumba. Msimulizi wake ni marehemu. Ni usiku, Katanga. Wabelgiji wanaikatakata na kuichoma miili ya Lumumba na wenzake waliouawa isionekane tena, na sisi tunamsikia yeye akizungumza na mkewe. Eriq Ebouaney amefanana naye, ndiyo, ila sauti hiyo tulivu ndiyo inayonifanya nimwamini.

Filamu ilipigwa Zimbabwe na Msumbiji, maana Kongo ilikuwa vitani. Ilionyeshwa Cannes Mei 2000. Juni, majeshi ya Rwanda na Uganda yakapigana siku sita ndani ya Kisangani.

Mwaka 2022 Ubelgiji ilirudisha jino moja, ndilo lililobaki la mwili wake. Mwili mwingine atauazima kwa waigizaji, na Kisangani inao wasanii: tangu 2006 mtunzi wa dansi Faustin Linyekula ameweka Studios Kabako hapa. Nawaomba vijana wa jukwaa mjini kwetu waichukue tamthilia ya Césaire, waicheze kwa Kiswahili na Kilingala chetu, na likembe lipigwe na mtu wa hapa.