Kuchagua na Kuteua: Uhakiki wa Lugha ya Demokrasia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki

Ni nadra mikataba ya kimataifa kuhakikiwa na wanafunzi wa lugha. Aghalabu huachiwa wanasheria na wachumi, kana kwamba maneno yaliyomo ni makapu tu ya kubebea habari za ushuru na forodha. Hata hivyo, Mkataba ulioiunda upya Jumuiya ya Afrika Mashariki, uliotiwa sahihi mjini Arusha tarehe 30 Novemba 1999 na kuanza kutumika Julai 2000, ni matini kama matini nyingine. Una sauti inayosimulia, una wahusika, na miongoni mwa wahusika hao yumo mmoja anayetajwa mara nyingi lakini asiyepewa nafasi ya kusema. Mhusika huyo ni mwananchi.

Dibaji ya Mkataba inakiri wazi kwamba Jumuiya ya kwanza, ile ya mwaka 1967, ilivunjika mwaka 1977 kwa sababu kadhaa, mojawapo ikiwa ni kutoshirikishwa vya kutosha kwa watu na mashirika yao yasiyo ya serikali. Ibara ya 6 inataja demokrasia na utawala wa sheria kuwa misingi ya Jumuiya; Ibara ya 7 inasema kwamba ushirikiano huu kitovu chake kiwe watu. Hadi hapo msomaji hana ugomvi. Ugomvi unaanza anapofika Ibara ya 50, inayoeleza jinsi Bunge la Afrika Mashariki linavyopatikana: mwananchi hapigi kura. Bunge la kila nchi ndilo linalochagua watu tisa ambao si wabunge wake, nao wanatakiwa kuwakilisha, kadiri iwezekanavyo, vyama, mielekeo ya maoni, jinsia na makundi maalumu.

Neno "kuchagua" katika ibara hiyo lilifikishwa mahakamani. Mwaka 2006 majina tisa ya Kenya yalitokana na mapendekezo ya vyama, yakaidhinishwa na kamati ya shughuli za Bunge, kisha yakawasilishwa Bungeni bila kura yoyote kupigwa. Profesa Peter Anyang' Nyong'o na wenzake walipeleka shauri mbele ya Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki, nayo ikazuia tisa hao wasiapishwe mpaka shauri lisikilizwe. Tarehe 30 Machi 2007 Mahakama iliamua kwamba kilichofanyika Nairobi hakikuwa uchaguzi kwa maana ya Mkataba.

Kwa mwanafunzi wa Kiswahili uamuzi huo una utamu wake. Katika matumizi ya zamani "chagua" na "teua" ni maneno yanayokaribiana mno. Yote mawili ni kutoa kimoja katika vingi. Siasa za baada ya uhuru ndizo zilizoyatenga. Leo rais huteua, mpiga kura huchagua, wala hakuna Mkenya au Mtanzania anayeyachanganya. Lakini hata kabla ya kutengana huko, neno "chagua" lilikuwa na kazi ya jikoni: mwenye kuchagua mchele huutandaza katika ungo, akautazama, akatoa chuya na mawe. Pasipo ungo na pasipo macho hakuna kuchagua. (Wapo watakaojibu kwamba mchagua nazi hupata koroma. Methali hiyo ni onyo kwa mchaguaji. Haikusudii kumnyang'anya haki ya kuchagua.) Mahakama, ingawa ilitumia Kiingereza, ilifikia maana ambayo mama mwenye ungo anaijua.

Kilichofuata hakina utamu. Uamuzi wenyewe haujatolewa, mwezi Desemba 2006, Mkataba ulirekebishwa kwa haraka: Mahakama ikagawanywa ngazi mbili, sababu za kumwondoa jaji zikaongezwa, na mtu binafsi akawekewa muda wa miezi miwili tu wa kuleta shauri. Chama cha Wanasheria wa Afrika Mashariki kilipinga. Mwaka 2008 Mahakama ilikubali kwamba kurekebisha Mkataba bila kuwashirikisha wananchi ni kwenda kinyume cha roho yake, lakini haikuyatangua marekebisho yenyewe. Huu ni mwisho wa ajabu: mwananchi anaambiwa kwamba alipaswa kuulizwa, na papo hapo anaambiwa kwamba jambo limekwisha.

Tuje kwenye neno "mwakilishi". Asili yake ni "wakili", yaani mtu aliyekabidhiwa jambo la mwenziwe na ambaye hana budi kumrudishia hesabu. "Mjumbe" ni mwingine: yeye hupeleka neno la aliyemtuma. Shaaban Robert aliitumia vyema picha ya mjumbe katika Kusadikika, ambamo Karama, akijitetea mbele ya baraza, anasimulia habari za wajumbe sita waliotumwa nchi za jirani na waliporejea na maarifa wakaadhibiwa. Mkasa wa wajumbe wale ni kwamba wenye mamlaka waliowatuma hawakutaka kusikia. Mbunge wa Arusha ana upungufu wa aina nyingine. Anaitwa mwakilishi wa watu, lakini waliomkabidhi kazi ni wabunge wenziwe wa nyumbani. Hana jimbo la kurudi kutoa hesabu. Isitoshe, mswada alioupitisha hauwi sheria mpaka kila Mkuu wa Nchi auridhie, na mmoja wao akikataa mara ya pili, mswada huanguka. Hesabu nayo ina kasoro yake, kwani Kongo iliyojiunga mwaka 2022, yenye watu wapatao milioni 100, hupeleka tisa sawasawa na Burundi. Usawa wa dola unaweza kutetewa. Usiitwe tu usawa wa watu.

Hapa ndipo suala la lugha linapoingia, wala si pambo. Mkataba ulipoandikwa, Ibara ya 137 iliifanya Kiingereza lugha rasmi, na Kiswahili kikaahidiwa kuendelezwa kiwe lugha ya mawasiliano. Wimbo wa Jumuiya uliopitishwa mwaka 2010 ni wa Kiswahili. Kwa hiyo mwananchi alialikwa kuimba kwa lugha moja na kutawaliwa kwa nyingine. Mwenye kusikiliza mjadala bila kuuelewa hawezi kumhukumu mwakilishi wake hata kama angepewa kura kesho.

Hata hivyo wapenzi wa Kiswahili wasijipumbaze. Nchini Uganda wengi walikijua kwanza kama lugha ya askari, na kumbukumbu hiyo haikufutwa na marekebisho ya katiba ya mwaka 2005 yaliyokifanya lugha rasmi ya pili. Mkulima wa Burundi hufikiri na kubishana kwa Kirundi. Sudan Kusini, iliyoingia mwaka 2016, ina Kiarabu chake cha Juba, na Somalia, iliyoingia mwaka 2024, ina Kisomali. Kiswahili kikipandishwa hadi meza kuu bila shule, bila wakalimani na bila redio za kukifikisha vijijini, kitakuwa Kiingereza cha pili, yaani ngazi nyingine ya kupandia wachache. Wanaodai kwamba lugha ya taifa huleta demokrasia yenyewe kwa yenyewe wamesahau kwamba udikteta nao umehutubia kwa Kiswahili fasaha.

Neno la mwisho katika msamiati huu ni "shirikisho". Ni tendo la kumfanya mtu awe mshirika, na kwa sarufi yake lina anayeshirikisha na anayeshirikishwa. Kamati iliyoongozwa na Amos Wako ilitoa mwaka 2004 mapendekezo ya kuharakisha Shirikisho la kisiasa; watu walipoulizwa, wengi wa Watanzania waliotoa maoni walikataa haraka hiyo. Walioona jibu hilo kuwa uadui kwa umoja walilisoma vibaya. Lilikuwa mojawapo ya nyakati chache ambazo anayeshirikishwa alipata kuwa mtenda. Mwaka 2017 Wakuu wa Nchi waliamua kwamba hatua ya mpito iwe muungano legevu wa kisiasa, na wataalamu wakapewa kazi ya kuandaa katiba yake na kukusanya maoni. Maoni hayo hutolewa kwa Kirundi, kwa Kiswahili, kwa Kiganda. Mzee wa Ngozi au mama wa Kitui aliyesimama mbele ya wataalamu hao akasema neno lake anastahili kuletewa rasimu anayoweza kuisoma au kusomewa, alitafute neno hilo mlemo, na akilikosa aulize limekwenda wapi kabla wakubwa hawajatia sahihi.